Krismasi Iliyofukuliwa Kwaresima

"Taka zako za Krismasi iliyopita ziko wapi sasa hivi?"

Hilo ndilo swali la kwanza nililoulizwa kazini, asubuhi ya kwanza, hata kabla sijaonyeshwa kiti. Aliyeuliza ni Mzee Gaudensi, afisa afya wa kata ya Matiri, ambaye mradi wetu ulimwomba anizungushe vijijini. Nilikuwa na shahada ya sayansi ya mazingira, begi jipya, na utafiti wa chuoni kuhusu utenganishaji wa taka katika kaya za mijini. Nikafikiri. Krismasi ile nilikula kwa shangazi yangu Songea: pilau, kuku, soda za chupa za plastiki, keki iliyokuja ndani ya boksi. Nilikumbuka kila kitu kilichoingia mezani. Baada ya meza nilikumbuka mfuko mmoja mweusi mlangoni, na baada ya mfuko sikukumbuka kitu.

"Sijui, mzee," nikasema.

"Afadhali. Waliokutangulia walijibu 'dampo', na walikuwa hawajaliona." Akachukua kofia ya pikipiki. "Twende."

Sasa nimestaafu. Najua neno hilo linawachekesha, kwa kuwa nina miaka thelathini na miwili na magoti yangu ni mazima. Lakini mradi ulipofika ukomo, ofisi ya Mbinga iliniaga kama wanavyoagwa wazee: hotuba, vitenge, saa ya ukutani, keki. Maji yalikuwa ya chupa na sahani zilikuwa za kutupa. Kwa mazoea niligeuka kutazama zinakokwenda. Zilikwenda nyuma ya jengo, zikawashwa moto huku mratibu akiendelea kusifu mchango wangu katika kupunguza taka za sikukuu. Kwenye picha ya pamoja nusu yetu tumefumba macho kwa sababu ya moshi.

Ninyi mnaokuja na mradi mwingine, maana utakuja, tena wenye jina refu zaidi, mmeniomba niwaandikie niliyojifunza. Mambo ya posho na vyeo mtayajua wenyewe, hakuna aliyewahi kuhitaji kufundishwa hayo. Nitaandika kuhusu kazi.

Kwanza muelewe kwamba kwa sehemu kubwa ya mwaka kaya ya Matiri haina taka za kumtisha mtu. Maganda ya ndizi ni ya nguruwe, pumba ni za kuku, majivu yanakwenda chooni, na gunia likitoboka linakuwa pazia la bafu. Nilipofika na somo langu la kutumia vitu upya, akina mama walinisikiliza kwa adabu, kama mtu anayefundishwa kupumua. Shida inakuja Desemba pamoja na watoto wao. Watoto wanarudi kutoka Dar es Salaam na Dodoma wakiwa na katoni za maji, pampasi za wajukuu, vikombe vya plastiki na sahani za kutupa, kwa sababu wanaona aibu kumtwisha mama kazi ya kuosha vyombo siku ya sikukuu. Wanamuonea mama huruma kwa wiki mbili, halafu wanaondoka na kumwachia kilima.

Kule Ziwa Nyasa, ambako mradi ulifika pia, mambo yalikuwa wazi zaidi. Mbamba Bay mtu akitupa chupa majini leo, upepo wa mwera unamrudishia kesho mbele ya wageni, katikati ya dagaa wa usipa walioanikwa mchangani. Ziwa halina subira. Kwa hiyo kule watu walikuwa wamekwisha kasirika kabla hatujafika, na mtu aliyekasirika hahitaji semina. Huku juu milimani, ardhi ina subira. Inameza na kunyamaza. Ndiyo maana kesi yangu ngumu ilikuwa Matiri.

Zana zangu zilikuwa mifuko ya rangi tatu na bango. Mifuko ilikuwa imara kupita kiasi. Ndani ya mwezi mmoja wa manjano ulikuwa unabeba madaftari ya watoto shuleni, na wa kijani nilipishana nao njiani ukienda misa ya kwanza ukiwa na kitabu cha nyimbo ndani. Sikuwahi kuona taka ndani ya hata mmoja. Bango lilitoka makao makuu likiwa limechapishwa tayari: CHIMBA SHIMO, TUPIA, FUKIA. Nilimuuliza mratibu kama aliyeandika bango aliwahi kufika huku kwa Wamatengo. Akanijibu kwamba bango lilipitishwa na kamati. Niliuliza pia kamati ilikutana wapi. Huyo mratibu alikuwa mtu mwema, akaniambia nimekuwa na siku ndefu.

Zana iliyofaa ilikuwa ya Mzee Gaudensi. Yeye hakuuliza mtu, "Mnatupa wapi taka?" kwa kuwa jibu la swali hilo huwa zuri daima. Aliamkia, akapokea kiti, akaongea habari za mvua, kisha akaomba kwenda chooni. Njia ya kwenda chooni ndiyo ilikuwa ofisi yake. "Mbele ya nyumba wanajua utakuja," aliniambia. "Nyuma hawakukutarajia." Nilijifunza kwa haraka. Mwaka ule wa kwanza hakuna mfanyakazi katika mkoa mzima aliyeomba choo kama mimi, na nadhani Matiri kuna watu hadi leo wanaoniombea afya.

Bango lilifanya kazi, na hiyo ndiyo ilikuwa balaa. Mmatengo ukimwambia achimbe shimo, anakutazama. Shamba lake lote ni mashimo. Kilimo cha ngolo kinafanyika hivi: nyasi zinafyekwa na kulazwa katika mistari inayokatana juu ya mteremko, kisha udongo unachimbwa katikati na kufunikwa juu ya nyasi, yanabaki matuta yenye shimo katikati, mlima mzima unafanana na sega la nyuki. Nyasi zinaoza chini, maharage yanastawi juu, baadaye mahindi. Wakati wa palizi magugu yanatupwa ndani ya mashimo nayo yanaoza. Mwanaume anafyeka na kulaza nyasi, mwanamke ndiye anayechimba na kufunika. Kwa vizazi vingi, kila kilichowekwa kwenye ngolo kimegeuka chakula. Sasa anakuja binti kutoka mjini na bango linalosema tupia, fukia. Mashimo wanayo. Januari ile, wakati wa palizi, Krismasi nzima ya Matiri ilishuka shambani pamoja na magugu.

Mimi niliona nyua safi. Nilienda chooni nyumba hadi nyumba na kukuta njia zinang'aa. Ripoti yangu ya robo ile ilisifiwa.

Aliyenifurahisha zaidi alikuwa Mama Skola, mjane wa makamo, mzaliwa wa Liparamba aliyeolewa Matiri. Baada ya sikukuu alipita nyumba kwa nyumba akiomba chupa tupu za maji. Nilimkuta njiani na gunia kichwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mtaalamu. Umechelewa, mlango wa pili huo wamekwisha nipa."

"Unazipeleka wapi, mama?"

"Si ulisema tusitupe ovyo? Situpi ovyo."

Nilimpiga picha. Ikatokea ukurasa wa mbele wa taarifa ya mwaka, gunia kichwani, anacheka, na chini yake maneno kuhusu mwanamke anayeleta mabadiliko katika jamii.

Niwatajie hapa mambo mawili yaliyopunguza taka kwelikweli, na hakuna hata moja lililotoka kwetu. La kwanza ni sahani za jumuiya. Jumuiya ndogo za kanisa zilikuwa na vyombo vya misiba: sahani za bati na masufuria makubwa. Krismasi ya pili mwenyekiti mmoja wa jumuiya alisema inakuwaje marehemu anaagwa kwa sahani nzuri na Mtoto Yesu anapokewa kwa sahani za kutupa. Watu walicheka, halafu wakaona haya, na vyombo vikaanza kuazimwa. Kazi ya kuosha wakapewa wale wale waliokuja na sahani za kutupa. La pili ni asali. Mgeni huwezi kumwambia aondoke na taka zake, ni matusi. Lakini ukimjazia chupa zake asali, anazibeba mwenyewe hadi Dar es Salaam na kukushukuru. Makao makuu waliponiuliza jina la mbinu hiyo, niliwaambia inaitwa ukarimu. Waliomba jina lenye maneno mengi kidogo.

Tuje kwenye Machi.

Shamba la ngolo likishavunwa mahindi hupumzika, na Machi inayofuata hugeuzwa upya kwa ajili ya maharage. Kwa hiyo mashamba yaliyopokea ile Krismasi yangu ya kwanza yalifunguliwa Kwaresima ya mwaka mwingine kabisa, nilipokuwa nimesahau. Jembe liliposhuka, Krismasi ya mwaka juzi ikafufuka kabla ya Pasaka. Vikombe vyekundu, sahani zenye picha ya nyota, pampasi zilizovimba kwa maji ya mvua mbili, zote zikiwa na afya kuliko mimi. Mama mmoja aliniita shambani kwake, akanionyesha kijiko cha plastiki juu ya jembe, akasema kwa upole kabisa, "Mtaalamu, hiki bado hakijaiva."

Nilitembea mashamba hayo na Mzee Gaudensi. Mwisho akasema, "Sasa angalau tunajua ziko wapi," akaanza kucheka hadi akakaa kwenye tuta.

Tulianza kukusanya. Katikati ya kazi hiyo nikaitwa kwenye kikao cha ukoo.

Mama Skola alikuwa akilima shamba la marehemu mumewe, lililopakana upande wa chini na la shemeji yake, Mzee Lotary, mtu wa sauti nene na kahawa nyingi. Mkewe Mzee Lotary, Mama Otilia, alikuwa ndiye anayelima pale mumewe anapolaza nyasi, kama ilivyo desturi. Siku moja wakati anachimba, chupa zikatoka. Mzee Lotary akazijaza kwenye gunia na kuita ukoo. Hoja yake ilikuwa fupi: shemeji ameharibu ardhi ya mababu kwa takataka, hafai kuachiwa, shamba lirudi kwenye mikono ya kaka wa marehemu. Likirudi, Mama Skola hana pa kulima. Binti yake Skolastika anaacha shule Songea, na yeye mwenyewe anarudi kwao Liparamba na masufuria yake. Kila mtu alilijua hilo, na hakuna aliyelitamka.

Nilialikwa kama mtaalamu. Mama Skola ndiye aliyetuma ujumbe, na Mzee Lotary akakubali haraka, akitegemea kwamba nitaeleza jinsi plastiki inavyoharibu ardhi. Nilikwenda na hofu. Bango lilikuwa letu.

Kikao kilikuwa sebuleni kwa mkubwa wa ukoo, Babu Hyasinti, kati ya magunia ya kahawa. Wanaume kwenye viti, wanawake kwenye mikeka upande wa mlango. Mzee Lotary alimwaga gunia sakafuni. Chupa zikabingirika hadi kwenye miguu ya babu.

"Mtaalamu yupo, aseme," akanguruma. "Hizi zinaoza?"

"Haziozi, mzee."

"Zinafaa shambani?"

"Hazifai."

"Mmesikia. Sina la kuongeza."

Hapo ningepaswa kunyamaza. Lakini nilizaliwa na ugonjwa wa kuuliza, na chuo kikuu kiliukuza badala ya kuutibu. Nilikuwa nimeangalia chupa zile. Katika mashamba mengine taka zilichanganyika, pampasi juu ya vikombe. Hapa zilikuwa chupa tupu peke yake, nzima, zimefungwa vizibo kwa nguvu. Nilifikiri, huyu mama angalau amejifunza kutenganisha. Nilitaka kuandika hilo kwenye ripoti, na fomu ya ripoti ina sehemu ya kujaza mahali.

"Samahani, mzee," nikasema. "Zilikutwa sehemu gani hasa ya shamba?"

"Mstari wa chini. Ule unaopakana na wangu."

"Mstari mmoja tu?"

"Mmoja, ndiyo, lakini umejaa!"

"Na nani alikuwa anachimba?"

"Mke wangu. Yule pale. Muulize."

Mama Otilia aliinamisha kichwa na kunyoosha kanga yake magotini.

Babu Hyasinti alikuwa amesinzia nusu, au ndivyo nilivyodhani. Akafungua jicho. "Lotary. Mke wako alikuwa anachimba shamba la nani?"

"La kwangu, baba."

"Na chupa zilikuwa shamba la nani?"

"La shemeji. Yaani, alizizika yeye—" Akasita. Akaanza tena. "Shamba ni langu. Takataka ndizo zake."

Upande wa mikeka mtu akakohoa. Mama Skola alisogeza chupa moja iliyomfikia, akaisimamisha mbele yake.

"Shemeji," akasema, "mimi chupa nilizika, sikatai. Nilizika kwangu. Sasa chagua. Kama hizi ni taka zangu, basi lile ni shamba langu, na mmelifuata nini? Na kama lile ni shamba lako, taka ni zako, mbona unanibebea mimi?"

Nimehudhuria semina nyingi za utatuzi wa migogoro, zenye makundi na kalamu za rangi. Sijaona jambo likimalizika hivyo. Mjomba mmoja alisema kwamba, kwa kweli, tangu marehemu afariki, kila ngolo zinapogeuzwa mpaka huwa unasogea kidogo. Mwingine akasema unasogea upande mmoja daima, kama jua. Wanawake walicheka wazi sasa. Babu akaamuru mstari ule urudishwe kwa mjane pamoja na mingine miwili ya juu yake ambayo watu wote, ghafla, walikumbuka kwamba ilikuwa ya marehemu.

"Na chupa?" nikauliza, kwa sababu siponi.

"Beba wewe," akasema Babu Hyasinti. "Si ni zenu?"

Nikabeba. Mzee Gaudensi alinisaidia kufunga gunia kwenye pikipiki. Tulipofika barabarani akasema, "Leo umefanya kazi nzuri sana, dada," nami nikaamini anamaanisha chupa.

Katika ripoti ya mwisho niliandika kwamba uelewa wa jamii kuhusu taka zisizooza bado uko chini, isipokuwa kaya moja iliyoonyesha dalili za utenganishaji. Pia niliandika kwamba mgogoro mmoja wa ardhi ulitatuliwa kwa bahati. Mratibu alifuta neno bahati, akaweka ushirikishwaji wa wadau.

Mtakapofika, msianze na mabango. Ombeni choo. Hesabuni wageni kabla ya chupa. Tafuteni nani ana sahani za kuazima. Kwenye mashamba, waulizeni wanawake kwanza kilichoko chini, kwa sababu wanaume wanajua nyasi zilipolazwa tu. Nilipoanza niliamini kwamba watu hawakunielewa. Huo ni ugonjwa wa kazi yetu, nao ni wa kudumu.

Baada ya kuagwa nilikwenda soko la Mbinga kununua maharage ya kumpelekea shangazi. Nyuma ya rundo la maharage alikaa Mama Otilia, mke wa Mzee Lotary. Nikamwamkia, tukaulizana habari. Nikamuuliza Mama Skola anaendeleaje. Hajambo, akasema, na Skolastika yuko kidato cha sita.

"Ilikuwa bahati kubwa siku ile," nikasema. "Jembe lako kuangukia zile chupa."

Alinitazama kwa muda, kama anayekadiria kama mtu mzima anaweza kuambiwa jambo.

"Mtaalamu, zile chupa tulizipanga wawili. Yeye anaweka, mimi nimeshika kamba ili mstari unyooke. Juu ya mpaka wa marehemu, kabla haujahama. Mume wangu alipolaza nyasi kupita pale, nikalima. Desturi si ndiyo hiyo? Anapolaza, nalima."

Swali lililonijia lilikuwa la kujipendelea. "Na mimi kuitwa kikaoni?"

"Tulihitaji mtu wa kuuliza. Mke wa mtu haulizi kikaoni, lakini mgeni akiuliza, anajibiwa. Na wewe ulikuwa unauliza kila kitu. Kwangu uliuliza hadi mlango wa choo kwa nini unatazama mashariki." Akacheka, akaongeza konzi ya maharage kwenye mfuko wangu. "Mzee Gaudensi ndiye aliyesema, muiteni yule."

"Lakini lile ni shamba la mumeo, mama. Ninyi mlipoteza mistari mitatu."

"Kesho mjane ni mimi, na nina mabinti watupu," akasema Mama Otilia. "Na mume wangu ana mdogo wake, upande wa chini."

Hivyo ndivyo nilivyokuja kujua kwamba kuna mstari wa pili wa chupa, kati ya shamba la Mzee Lotary na la mdogo wake, na huo haujafukuliwa hadi leo.